Hiyo "dawa ya kula plastiki" inayopitishwa kwa vikundi vya ufuo: tuongee kabla hamjachanga

Banda_la_Chupa (Malindi), mleta uzi

Salaam aleikum wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, akirudi atatukuta.

Mnaonijua mnajua nina banda la kununua chupa hapa Muyeye, na kabla ya banda nilisomea baiokemia, shahada iko kabatini. Siku hizi kila nikikaa naulizwa swali hilohilo na watu wa vikundi vya kusafisha ufuo, kuanzia Mayungu hadi mdomo wa Sabaki, na sasa hata jamaa za Lamu wananipigia. Kuna bwana anazunguka na video kwenye simu: bakteria wa Japani anakula chupa mpaka inaisha. Video ikimalizika anatoa kopo la unga. Unakoroga na maji, unamwagia jaa, unasubiri Mungu alete. Kikundi kinaombwa kichange. Simjui na sina haja ya kumjua, ila ya kwenye video ni kweli, na ya kwenye kopo ni mengine kabisa.

Bakteria yupo. Anaitwa Ideonella sakaiensis. Wajapani walimpata mjini Sakai, kwenye kituo cha kuchakata chupa, wakamtangaza 2016. Anatoa vimeng'enya viwili, yaani protini za kukatakata vitu. Cha kwanza, PETase, kinakatakata plastiki ya chupa ya maji kuwa vipande vidogo. Cha pili, MHETase, kinavimalizia vile vipande hadi vibaki vitu viwili tu: asidi ya tereftaliki na ethileni glikoli. Hivyo ndivyo kiwanda kilivyoanzia navyo kutengeneza ile chupa. Ukivikusanya na kuvisafisha unapata plastiki mpya, sawasawa na ile inayotokana na mafuta ya petroli. Utamu wa habari uko hapo. Kuyeyusha chupa kwa moto kila mtu anaweza, lakini kila ikiyeyushwa inachoka, inageuka manjano, na chupa ya rangi haitoi tena chupa nyeupe. Kimeng'enya hakijali rangi.

Sasa kopo. Mama zetu wanapaka papai bichi kwenye nyama ya mishkaki usiku, asubuhi nyama laini. Kinacholainisha ni kimeng'enya, papaini, kazi yake kukata protini. Lakini vile vijiti vya mishkaki uviloweke kwenye papai mwezi mzima, vitatoka vijiti vilevile. PETase nayo ni hivyo. Inakata kiungo kimoja cha kikemia, esta, kilichoko kwenye PET, ndiyo hiyo plastiki ya chupa ya maji, na kwenye polisteri ya mashati yetu ya mitumba. Mfuko, kifuniko cha chupa, mtungi wa mafuta ya kupikia, kamba ya bluu ya mashua: hivyo ni polyethileni na polipropileni, uti wake ni kaboni imeshikana na kaboni mwanzo hadi mwisho. Esta hamna. Hakuna pa kukata.

Nendeni jaani mkatazame wenyewe kilichojaa ni kipi.

---

Mtoto_wa_Barani

Kaka nimekuelewa, lakini niulize. Huyo bakteria nimesoma anafanya kazi kwa nyuzijoto 30. Malindi hapa mbona ndio hali yetu ya kila siku? Si basi hata kama hali mifuko, achukue chupa, sisi tubaki na mifuko?

---

Banda_la_Chupa

Swali zuri, na ndilo analolitumia yule bwana.

Kweli ni nyuzijoto 30. Ila walichompa kula kule maabara ni utando mwembamba wa PET laini, na bado alichukua wiki 6 hivi kuumaliza. Chupa ya maji si utando laini. Kiwandani inapopulizwa ndani ya kalibu, plastiki inavutwa, minyororo yake inajipanga ikabanana. Sehemu iliyobanana hivyo kimeng'enya hakipati pa kuingiza meno.

Fanya jaribio la nyumbani. Chukua chupa tupu ya maji, mimina chai ya moto. Itanywea na kujikunja mbele ya macho yako. PET ikifika karibu na nyuzijoto 70 minyororo yake inalegea na kuanza kucheza. Wanasayansi walikuwa wanalitaka joto hilo: plastiki ikilegea, kimeng'enya kinapata mwanya. Shida ni kwamba cha huyu bakteria hakistahimili joto hilo, kinaharibika kama kimeng'enya kingine chochote kikipikwa.

Kwa hiyo kazi kubwa ikahamia kwingine. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Osaka walikipata kimeng'enya kingine kwenye mboji ya majani na matawi. Kazi yake ya asili ni kukata nta inayofunika majani, na joto kinalivumilia. Wafaransa wa kampuni ya Carbios pamoja na watafiti wa Toulouse wakakichukua, wakakibadilisha hapa na pale, na 2020 wakachapisha kwenye jarida la Nature: nyuzijoto 72, saa 10, asilimia 90 ya PET imerudi kuwa malighafi. Kimeng'enya walichotumia ni miligramu 3 kwa kila gramu ya plastiki. Wiki 6 zimekuwa saa 10.

Lakini tazama walichofanya kabla ya hizo saa 10. Chupa zilisafishwa, zikasagwa, zikayeyushwa, zikapozwa ghafla ili minyororo isipate nafasi ya kujipanga, zikasagwa tena kuwa unga. Halafu ndani ya tangi lenye maji, linalokorogwa, joto halishuki halipandi. Hilo ni tangi la kiwanda. Jaa letu lina vumbi, jua, nepi na maganda ya nazi.

Na hata tuseme muujiza unatokea, chupa zinayeyuka palepale. Ethileni glikoli ndiyo inayotiwa kwenye rejeta ya gari. Ni sumu, mnyama akiinywa inamuua figo. Unataka izame ardhini karibu na visima vya watu?

---

Mwana_Amu_Punda

Punda wetu wanakula mifuko jaani na hawahitaji video. Wanafura tumbo wanakufa. Endeleeni.

---

Binti_wa_Mida

Naomba kuuliza bila kupigwa. Na wale funza je? Kuna habari kwamba wako funza wanaokula plastiki, na hapa Kenya wamepatikana.

---

Banda_la_Chupa

Hupigwi dadangu. Habari zenyewe ni mbili, usizichanganye.

Ya kwanza ni kiwavi wa nondo wa nta. Federica Bertocchini na wenzake walitangaza 2017 kwamba anatoboa polyethileni, ile ya mifuko, na 2022 wakaonyesha vimeng'enya vya mate yake vinafanya nini. Kwa polyethileni hiyo ni habari kubwa, maana nimeshasema ni plastiki ngumu kuguswa. Lakini huyo nondo ndiye adui wa mizinga ya nyuki. Ukimleta Mida wafuga nyuki watakufukuza na mizinga yao mkononi.

Ya pili ni ya kwetu: icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, Nairobi. Mwaka 2024 walichapisha utafiti juu ya funza wa mende mdogo wa unga, jamii inayopatikana hapa Kenya, anayekula polistireni, ile nyeupe nyepesi ya maboksi ya samaki. Hata hapo, si kwamba unamwaga funza jaani. Wanawachunguza bakteria wa tumboni mwake ili vimeng'enya vijulikane, kisha vitengenezwe peke yake. Kazi hiyo naiheshimu sana, na wala haijafika kwenye makopo ya kuuza.

---

Nahodha_Mstaafu (Lamu)

Nasalimu wote. Mimi si msomi wa vimeng'enya, ila bahari nimeila umri wangu wote, na niseme linalokuja ufuoni.

Upepo wa kusi ukishika, upande wa nje wa Manda, Kiwayu huko, unatembea juu ya plastiki. Patipati, yaani ndala. Vifuniko. Madumu. Vipande vya nyavu. Chupa nyingine zina maandishi ya Indonesia. Sasa mwanangu umesema hiyo dawa yenu inakula chupa ya maji peke yake. Mimi nakwambia ufuoni chupa ya maji utaiona ikiwa na kifuniko chake. Isiyo na kifuniko imezama zamani.

La pili. Plastiki ile nyingine, isiyoliwa, Amu tulishaipatia kazi. Jahazi la Flipflopi lilishushwa majini 2018, fundi Ali Skanda na wenzake. Tani 10 hivi za plastiki zilizookotwa, zikayeyushwa zikawa mbao na mikuku na mataruma, zikarandwa na kupigwa misumari kama mbao za kawaida, na nje likavishwa patipati elfu 30. Mwaka 2019 likaenda mpaka Unguja. Wapo waliocheka. Mimi nililiangalia linavyokaa majini, na sikuona cha kucheka.

Swali langu: nyavu. Jarife la nailoni likikatika linaendelea kuua samaki na kasa peke yake huko chini. Hilo nalo halina dawa?

---

Banda_la_Chupa

Shikamoo Nahodha. Ulichosema juu ya kuzama ni fizikia tupu. PET ni nzito kuliko maji, hata ya bahari. Vifuniko, madumu na kamba ni vyepesi, vinaelea. Kwa hiyo ufuo unakuletea hasa zile plastiki ambazo kimeng'enya hiki hakizigusi, na inayoguswa imelala chini au iko bado mjini kwenye mapipa ya hoteli. Hapo yule bwana wa kopo hana jibu kabisa.

Nailoni ina kiungo chake, amaidi, ambacho kinakatika. Wajapani tangu 1975 walimpata bakteria karibu na kiwanda cha nailoni anayekula mabaki ya utengenezaji, vile vipande vifupifupi, siyo uzi wenyewe. Tangu hapo watu wanahangaika na uzi wenyewe, na kuna kampuni ya Australia, Samsara Eco, inayouendea kwa vimeng'enya. Kwa jarife lenye chumvi, magamba na mchanga bado sana. Lakini mlango upo, tofauti na kamba ya bluu ambayo haina mlango.

---

Kusi_Kali

Nimewasoma nyote na bado naona tunazungushwa. Miaka ya utoto wetu soda ilikuwa ya kioo. Unaacha pesa ya chupa dukani, ukirudisha unarudishiwa. Ufuoni hukuona chupa ya soda, maana mtoto yeyote angeiokota akanunue peremende. Leo kampuni zinatuletea plastiki, halafu zinafadhili kimeng'enya Ulaya, halafu zinatuambia tatizo linatatuliwa, nyinyi endeleeni kunywa. Carbios uliyoisifu inashirikiana na nani? Nestlé Waters, PepsiCo, Suntory, L'Oréal. Watengeneza taka ndio hao hao. Na kiwanda chao kiko wapi? Tani 50,000 kwa mwaka, Longlaville, Ufaransa. Mwishoni mwa 2024 wakatangaza ujenzi unasogezwa mbele wakisubiri fedha. Ufaransa fedha zinasubiriwa, itakuwa Malindi?

---

Banda_la_Chupa

Kusi, kwa chupa ya kioo nakuunga mkono asilimia mia. Kinachookotwa ni kile chenye thamani mkononi, basi. Mimi mwenye banda ndiye nijuaye zaidi: kilo ya chupa ikishuka bei, mitaro inajaa; ikipanda, unaona watoto na magunia alfajiri.

Ila usivuke ukasema kimeng'enya ni hila ya kampuni. Kampuni zingekuwa na hila bila hicho. Mashati ya polisteri yanayokuja kwa marobota Gikomba na huku kwetu hakuna anayeweza kuyarudisha kuwa uzi mpya kwa kuyeyusha tu, rangi na pamba iliyochanganywa vinaharibu kila kitu. Kimeng'enya kinachagua polisteri humo ndani kinaacha pamba. Nipe njia nyingine inayofanya hivyo bila moto mkali wala kemikali kali, nami nitaiandikia uzi.

---

Mwalimu_Salim_Kemia

Hapo kwenye "bila kemikali kali" nakukatiza kidogo kijana wangu, maana umepita haraka.

Kimeng'enya kikikata PET kinazalisha asidi. Asidi ikijaa tangini, kimeng'enya kinasimama. Kwa hiyo unamimina soda kostiki, ileile ya wapika sabuni, kila wakati, ili uchachu usipande. Halafu mwisho unataka asidi ya tereftaliki yako itoke kwenye maji, unamimina asidi ya salfuriki. Ukizijumlisha hizo mbili unabaki na chumvi, sodiamu salfeti, kwa marundo. Chumvi hiyo inauzwa viwandani, ila bei yake ni ndogo na dunia inayo ya kutosha. Ukiongeza umeme wa kuyeyusha na kupoza chupa kabla ya yote, utaona kwa nini gharama bado inasumbua. Watafiti wa Marekani na wa Portsmouth, Uingereza, wanashughulika sana na hiyo chumvi, kutafuta besi nyingine, yaani kitu cha kuzima asidi badala ya kostiki, inayoweza kurudishwa tangini itumike tena. Nikiulizwa leo, kikwazo kikubwa ni hicho. Kasi ya kimeng'enya imeshapatikana. Chuo Kikuu cha Texas, Austin, 2022 walitumia kompyuta kupendekeza wabadilishe nini kwenye PETase, wakapata kinachofanya kazi kwa nyuzijoto 50. Viwembe vikali vipo tayari. Tabu iko kwenye ndoo za kostiki.

---

Banda_la_Chupa

Ahsante Mwalimu. Nakubali, na ndiyo maana sioni tangi hilo likija pwani hii karibuni. Litakwenda penye chupa nyingi, umeme wa bei nafuu na bandari.

Tunachoweza sisi ni kuwa na kitu cha kuliuzia tangi hilo au lingine lolote. Hapo ndipo mimi nalala na kuamka. Tangi la kimeng'enya na mashine ya kuyeyusha vyote vinataka chupa iliyotengwa: bila kifuniko, bila mchanga, bila mafuta. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka itengwe inapotoka, zinazooza kando na zisizooza kando. Nani anatenga? Hoteli chache. Sisi wengine tunafunga vyote kwenye mfuko mmoja, halafu tunatafuta bakteria wa kutufungulia.

---

Mama_Viazi_Shela_Malindi

Baba, mimi nina kibanda, chupa kwangu zinajaa kila jioni. Hiyo sayansi nimeisoma nikaiacha njiani. Niambie tu nifanye nini na nijuaje ipi ni ipi, maana nikileta kwako vijana wako wananirudishia nusu gunia.

---

Banda_la_Chupa

Mama yangu, wanakurudishia kwa sababu ya vifuniko na zile za maziwa na dawa ya kufulia.

Geuza chupa utazame kitako. Kama kuna pembetatu yenye namba 1 ndani, ni yetu. Kama pembetatu imefutika, tazama katikati ya kitako: chupa ya PET ina kinundu kidogo, mahali plastiki ilipoingilia kalibuni. Ile ya maziwa na ya dawa ya kufulia ina mstari wa maungio unaokatiza kitako chote. Ukizoea, kidole kinajua kabla ya jicho.

Bandani tunafanya hivi. Tunasaga chupa na lebo zake na pete ya kifuniko iliyobaki shingoni, tunamimina kwenye pipa la maji, tunakoroga kwa mti. PET inashuka chini kama mchele. Pete za kijani na bluu zinapanda juu pamoja na vipande vya lebo, unazikusanya kwa chujio. Hata shilingi ya umeme huitumii hapo. Kinachotuharibia ni lebo za aina fulani zinazobana chupa nzima kama soksi: nyingine zinazama pamoja na PET, na gunia zima linakataliwa huko linakokwenda. Kwa hiyo mama, lebo ya soksi chana kabla hujaleta. Vifuniko weka mfuko wake, hivyo navyo vina mnunuzi.

Usizioshe kwa sabuni. Mwaga kilichomo, funua, kanyaga, basi.

---

Faza_Boy

Na sisi wa visiwani? Gunia la chupa Faza mpaka Mokowe ni mashua, Mokowe mpaka Mombasa ni lori. Gunia lenyewe limejaa hewa. Nauli inakula kila kitu.

---

Nahodha_Mstaafu (Lamu)

Faza, chupa isiyosagwa ni kubeba upepo. Lazima isagwe hukohuko. Mashine moja kwa visiwa vyote, izunguke kwa jahazi. Manahodha wapo, mizigo ya kurudi hawana.

---

Faza_Boy

Nahodha kama ni hivyo niko tayari kukaa na wewe. Lakini mweka hazina wetu ameshampa yule bwana wa kopo malipo ya kwanza, na Jumamosi anakuja kumwagia. Tumfanyeje?

---

Banda_la_Chupa

Msigombane naye. Mpeni mtihani.

Kateni chupa ya maji vipande vidogo vya kiasi cha ukucha, muvioshe, muvianike vikauke kabisa. Pelekeni kwa sonara, mzani wake unasoma hata sehemu ya gramu. Andikeni uzito, asaini yeye na nyinyi. Vipande vigawanywe makopo mawili ya kioo yenye vifuniko: moja maji matupu, moja maji na unga wake kama anavyoelekeza. Mukae nayo kwa mwenyekiti, siyo kwake. Baada ya muda atakaoutaja yeye mwenyewe, vioshwe, vianikwe, virudi kwa sonara. Kopo la maji matupu ni muhimu, msiliache, maana atasema vipande vilipungua kumbe vimepotea kwenye kuosha.

Malipo yaliyobaki yatoke siku hiyo ya mzani.

Nilishauona huo unga, kuna kikundi kilininusisha. Unanukia sawa na ule wa kumwagia vyoo vya shimo visijae. Kwa choo sina ubishi nao.

---

Kusi_Kali

Na vipande vya mfuko vitiwe kopo la tatu, maana amewaambia unakula vyote.

---

Faza_Boy

Sonara wa Amu tumempata, amekubali bure. Mwalimu Salim, kukausha ni juani au kivulini?

---

Mwalimu_Salim_Kemia

Kivulini penye upepo, juu ya kitambaa cheupe, usiku kucha. Na mnaposhika tumieni kibanio. Jasho na mafuta ya vidole vina uzito.